2030 nani apeperushe bendera: mtoto wa nyumbani, mchapakazi au mtu wa mtandao?

Hapa Newala, kwenye benchi lililo nje ya ghala tunakopeleka korosho, ubishi wa 2030 umeshaanza. Watu wanasubiri lori, mkaguzi yuko mlangoni anapasua korosho za sampuli kwa kisu na kuzipanga juu ya meza, na hapohapo mtu anarusha jina la anayefaa kugombea urais kwa tiketi ya CCM. Mwingine analidaka, wa tatu analikataa, na kabla lori halijafika majina yameshafika sita.

Ubishi huu una sababu. Rais Samia aliapishwa Machi 2021 kumalizia kipindi ambacho kilikuwa kimebakiza zaidi ya miaka minne, na Katiba inasema makamu anayerithi kiti kikiwa kimebakiza miaka mitatu au zaidi anaweza kuchaguliwa mara moja tu. Hiyo mara moja imekwisha Oktoba 2025. Kwa hiyo 2030 chama kitalazimika kutafuta mtu mpya, na watia nia hawasubiri kipenga. Wengine wameshaanza kuonekana kwenye misiba na harambee za mikoa ambayo si yao.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mwanachama wa muda mrefu. Sitaandika majina yanayotajwa, kwa kuwa yanabadilika kila wiki na mengine ni uvumi mtupu. Lakini nikiyasikiliza yote naona yanaangukia kwenye aina chache za watu: mtoto wa nyumbani, mchapakazi, mtu wa mtandao (si wa intaneti, ni wa watu wake ndani ya chama) na aliyehama chama. Kila aina sisi wa Mtwara na Lindi tumeshaionja. Basi tuwalinganishe kwa tuliyoyaona.

Kipimo changu ni kimoja: siku wananchi watakapomwambia "hili hapana", atafanya nini? Nimekichagua kwa sababu Kusini tumeshasema hapana mara mbili kwa sauti ambayo nchi nzima iliisikia, mwaka 2013 kwa ajili ya gesi na mwaka 2018 kwa ajili ya korosho. Na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliandamana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Baada ya hayo, mwanachama anayechagua mgombea kwa kuangalia sura na ukoo anachezea jambo zito.

Mtoto wa nyumbani

Jirani yangu, ambaye namwita babu ingawa hatuna undugu, hana maneno mengi. "Mwalimu, mcheza kwao hutunzwa," ananiambia. "Tumpeleke wa kwetu."

Mfano wake ni Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Lakini hebu tukumbuke alivyopita. Kwenye Mkutano Mkuu wa CCM, Dodoma, Julai 1995, walibaki watatu: Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza. Msuya akatoka, na kwenye duru ya pili Mkapa akashinda kwa tofauti ya kura zisizofika 50. Mkutano Mkuu una wajumbe wa nchi nzima, sisi wa Kusini ni kikundi kidogo mno ndani yake. Kilichombeba ni sifa yake ya usafi, na Mwalimu Nyerere kusimama upande wake. Kwa hiyo anayesema "tulimpeleka wa kwetu" anajipa kazi ambayo hakuifanya. Nchi ndiyo iliyomchukua, sisi tukashangilia.

Akatufanyia nini? Daraja. Mtu asiyewahi kusafiri kwenda Dar es Salaam kabla ya 2003 hawezi kulijua neno hili lilivyo zito. Mvua za mwanzoni mwa 1998 nililala njiani siku nne. Siku moja nzima tulikaa Ndundu tukisubiri pantoni, Rufiji imefura, rangi ya maji kama chai ya maziwa, na mama mmoja pembeni yangu anampepea mtoto mwenye homa kwa kipande cha boksi. Daraja lile lenye urefu wa karibu kilomita moja lilipofunguliwa, sisi tulijiona tumeunganishwa na nchi. Hilo Mkapa amelifanya na hakuna wa kumnyang'anya, hata kama lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, ilikuja kukamilika zama za Kikwete.

Lakini ni zama zilezile ambapo viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vilivyojengwa kwa mkopo kabla sijaanza kupata mvi, viliuzwa kwenye ubinafsishaji na vingi vikaishia kuwa maghala. Korosho yetu ikaendelea kupanda meli ikiwa ghafi. Je, tulisema hapana? Sikumbuki. Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu waniangalie vizuri: mtoto wa nyumbani huwa tunamwonea haya. Akikosea, wazee wanasema msimwaibishe, ni wetu. Yale ambayo kwa mgeni tungeyapigia kelele, kwake tunayanong'ona. Sifa ileile inayotufanya tumtake ndiyo inayotuziba mdomo akishakaa kitini.

Baada ya Mkapa tulikuwa na Bernard Membe wa Rondo, Lindi. Mwaka 2015 aliingia kwenye tano bora pamoja na John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ilipopunguza hadi watatu, jina lake halikuwamo. Huku kwetu kulikuwa na watu walioshindwa kula usiku ule, nawajua. Miezi michache baadaye Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, akawa Waziri Mkuu na akakaa hapo miaka kumi. Na bado msimu mgumu kuliko yote niliyouona kwenye korosho ulitufika wakati mtoto wa Lindi ameshika nafasi hiyo. Silisemi kumlaumu, Waziri Mkuu hufanya kazi chini ya Rais. Nalisema kwa sababu babu anaamini mtu wa kwetu akiwa juu basi sisi tumesalimika. Haikuwa hivyo.

Mchapakazi

Vijana wengi wa benchini wako upande huu. Wanataka mtu wa kazi, asiye na kambi, anayefukuza mtu hadharani na kuijua barabara kwa kilomita zake. Kwa kifupi wanataka Magufuli mwingine.

Magufuli alichukua fomu 2015 bila mbwembwe, wakati wenzake wanajaza viwanja. Alikuwa Waziri wa Ujenzi. Makundi makubwa yalipoumizana, yeye akabaki amesimama, na Mkutano Mkuu ukampa kura 2,104, sawa na asilimia 87. Mtwara hatukukosa chetu: gati jipya la bandari lilijengwa zama zake, na barabara ya lami kutoka Mtwara ikaanza kupanda huku juu Newala.

Sasa tuje 2018, kwa sababu mchapakazi hupimwa hapo.

Juni mwaka ule Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria kuhusu ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Awali asilimia 65 ya ushuru ule ilirudi kwenye zao, ikilipia salfa, miche na utafiti. Baada ya mabadiliko fedha yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini, wa CCM na wa CUF, walisimama pamoja kupinga, jambo ambalo si la kila siku. Hawakusikilizwa. Hiyo ilikuwa hapana ya kwanza ya mwaka ule.

Ya pili ilikuja Oktoba, minada ilipofunguliwa. Bei walizoleta wanunuzi zilikuwa chini mno, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Nilikuwepo. Hakuna aliyerusha jiwe. Watu walinyoosha mikono tu, wakasema zirudi ghalani. Hii Rais aliisikia. Novemba akawaondoa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, akavunja Bodi ya Korosho, akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Siku ile watu walicheza ngoma barabarani. Mimi pia nilifurahi, sifichi.

Kisha kukaja uhakiki. Aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuthibitisha kwamba ana shamba linaloweza kutoa mzigo huo, lengo likiwa kuwanasa watu wa kangomba, wanaonunua korosho kwa wakulima wenye shida kwa bei ya kutupa kabla ya msimu. Lengo zuri. Shangazi yangu alipeleka kilo 1,720. Ni mjane, hajawahi kununua hata kibaba cha mtu. Maofisa walikuja shambani asubuhi, wakahesabu mikorosho, naye akitembea mbele yao bila viatu, akigusa kila shina na kusema huu mume wangu aliupanda mwaka fulani, huu niliupanda mimi nikiwa na mimba ya fulani. Stakabadhi zake alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Hela iliingia masika imekwisha. Mjukuu wake alikuwa ameshachelewa muhula mzima wa shule.

Msimu huo mavuno yenyewe yalishuka, kutoka zaidi ya tani 310,000 za msimu wa 2017/18 hadi tani zipatazo 225,000.

Ukimweka mchapakazi kwenye kipimo changu, hiki ndicho ninachokiona. Alisikia kilio cha bei na akakitendea kazi ndani ya wiki chache. Wangapi wangefanya hivyo? Lakini wabunge waliomwambia mapema kwamba fedha za zao zisiguswe hawakupata nafasi ya kumalizia hoja. Uamuzi ulitoka juu kama radi, ukimlenga mwizi na kumpiga na shangazi. Mchapakazi hubadilisha mambo bila kusikiliza. Anapopatia, unambariki. Anapokosea, hakuna mlango wa kugonga.

Mtu wa mtandao

Huyu ni yule aliyekulia ndani ya chama, anawajua makatibu wa wilaya kwa majina ya watoto wao, na ana watu kila mkoa. Jakaya Kikwete ndiye kielelezo. Mwaka 2005, ukumbi wa Chimwaga, alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476 na Mark Mwandosya 122. Wanamtandao wake walikuwa wamejenga njia ile miaka kumi, tangu aliposhindwa kwa kura chache 1995.

Na kwetu hakuwa mgeni. Miaka ya 1980 alikuwa mtendaji wa chama Nachingwea na Masasi. Amekunywa maji ya visima vyetu, anajua kwamba huku juu Newala ndoo ya maji wakati wa kiangazi ina bei. Kama kuishi na watu kungetosha, yeye angetosha.

Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kwa amani: gesi ya kwetu isiende Dar es Salaam kwa bomba kabla hatujajua sisi tunabaki na nini. Jiwe la msingi la bomba lilikuwa limeshawekwa mwezi mmoja kabla, Novemba. Januari 2013 ghasia zikatokea, Masasi nyumba zikachomwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja Mtwara, akakaa na makundi, viongozi wa dini, wafanyabiashara, wanasiasa, akasikiliza. Mji ukatulia. Ninaamini kabisa kwamba ule utulivu ulikuwa wa kweli, watu walipata mtu wa kuzungumza naye. Lakini Mei 22, bajeti ya Wizara ya Nishati ilipofikishwa bungeni, ikaonekana bomba linaendelea kama lilivyopangwa. Mtwara ikawaka. Watu walikufa, askari wakajaa mitaani, na wengine walihama nyumba zao kwa woga wakaenda kulala porini.

Bomba la kilomita 542 lilikamilika 2015. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa Mtwara mwaka huohuo, kikapata na gesi baadaye. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hatukuambulia kitu. Swali langu si bomba lilipita au halikupita. Swali ni kwa nini mtu aliyetujua vile, mwenye chama chenye balozi kila nyumba kumi, alisubiri hadi moshi upande ndipo atume wa kutusikiliza, na kwa nini alitusikiliza wakati uamuzi umeshafungwa.

Weka hawa wawili bega kwa bega utaona wanavyopishana. Mchapakazi wa 2018 alibadilisha uamuzi, lakini kwa kujisikiliza mwenyewe. Mtu wa mtandao wa 2013 alituma watu kusikiliza, lakini hakuna kilichobadilika. Kila mmoja ana nusu ya kitu tunachokihitaji.

Kuna jambo jingine juu ya mtu wa mtandao ambalo wajumbe wenzangu hawalisemi mbele za watu. Mtandao una gharama. Fulana, mafuta ya magari, posho ya kikao, bahasha ya "nauli". Anayelipiwa na matajiri ili afike, akifika atakuwa na watu wa kuwalipa kabla hajafika kwenye foleni yetu. Kabla ya kumuunga mkono muulize nani amejaza mafuta kwenye msafara wake.

Aliyehama

Hapa sitakaa sana, lakini wapo wasomaji wa ACT-Wazalendo, CUF na Chadema, nao watatafuta wa kwao. Wanaosubiri kigogo akatwe CCM ili wampokee wana mifano miwili. Edward Lowassa alikatwa 2015 huku wajumbe wakiimba kwamba wana imani naye, akahamia Chadema, akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Mwaka huohuo wapinzani walichukua majimbo kadhaa ya ukanda wetu, Mtwara Mjini ikiwamo. Lakini 2019 akarudi CCM. Membe alifukuzwa CCM Februari 2020, akagombea kupitia ACT, na kampeni zikiwa zinaendelea viongozi wakuu wa chama hicho wakamuunga mkono Tundu Lissu. Mtoto wa Rondo akapata chini ya asilimia moja. Naye alirudi CCM kabla ya kufariki Mei 2023.

Anayehama huja na kura, haji na chama. Kwa kipimo changu huyu ndiye mgumu kumjua kuliko wote, kwa sababu hapana yake ya kwanza aliisema siku jina lake lilipokatwa. Kabla ya hapo, wananchi wakilia, alikuwa wapi? Kama ana jibu la kueleweka, apokewe. Kama hana, chama cha upinzani kitafute mtu wake kuanzia sasa, miaka ingalipo.

Na hili la wanaume wa benchini kusema "zamu ya wanawake imekwisha" naliweka pembeni kabisa. Mwaka 2015 wawili kati ya watatu wa mwisho walikuwa wanawake, na hakuna aliyesema wanaume wamekwisha zamu. Jinsia haimo kwenye mizani yangu.

Ukilazimika kuchagua

Mwanachama wa kawaida ana uzito siku moja tu: siku mtia nia anapokuja mkoani kutafuta wadhamini. Mwaka 2015 kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Baada ya hapo jambo linaondoka mikononi mwetu: Kamati Kuu inabakiza watano, Halmashauri Kuu watatu, Mkutano Mkuu mmoja. Januari 2025 hata hayo hayakuwapo, Mkutano Mkuu ulipitisha jina moja bila mashindano. Ikiwa 2030 fomu zitafunguliwa kwa wengi, sahihi yako ndiyo kura yako. Usiitoe kwa fulana.

Mimi nitawapanga hivi. Wa kwanza ni mchapakazi, lakini yule ambaye amewahi kuongoza wizara au mkoa, akaamua jambo, watu wakalikataa, naye akarudi kwao na kulibadilisha mbele yao. Awe na tarehe na mahali, twende tukaulize. Wa pili ni mtu wa mtandao ambaye mtandao wake ni wanachama, si wafadhili, kwa sababu angalau huyo anajua njia ya kufika kwenye benchi letu kabla moshi haujapanda. Mtoto wa nyumbani namweka wa tatu. Najua hili litawaudhi wengi, na nimelifikiria kwa muda mrefu. Simkatai. Nataka apite kwenye mlango uleule wanaopitia wengine, kisha kuzaliwa kwake kwetu kuwe nyongeza.

Nilimsomea shangazi mpangilio huu jana jioni, akiwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema yeye ana swali moja tu kwa yeyote atakayekuja: akituma watu wahesabu mikorosho yake tena, yeye akitaka kuzungumza na aliyewatuma, ampate wapi?

Nimeliandika swali hilo juu kabisa ya karatasi yangu. Babu bado ameshikilia mtoto wa nyumbani, na Jumamosi tutaonana tena ghalani. Nimemwambia akinipatia wa kwetu anayeweza kulijibu, nitatia sahihi yangu chini ya yake.